Ngamia, Talanta 10,000 na Makombo: Barua Zenu Kuhusu Maneno Magumu ya Yesu

Safu ya maswali na majibu ya Mama Mchungaji (mstaafu)

Katika toleo lililopita niliandika kwamba Injili ina maneno ambayo wahubiri wengi huyapita kimyakimya, na tangu hapo barua hazijakoma. Nimechagua 5. Ndefu nimezifupisha, na zilizotaja makanisa na wachungaji kwa majina nimeyafuta majina, maana safu hii si baraza la kushitakiana. Wengi mmenikumbusha kwamba hata wanafunzi wenyewe walinung'unika, katika Yohana 6:60: "Neno hili ni gumu, ni nani awezaye kulisikia?" Na baada ya hapo wengine waliondoka. Yohana hakuona haya kuliandika hilo, nasi tusione haya kuuliza.

Mama Mchungaji, shikamoo. Mimi ni mfanyabiashara na ni mzee wa kanisa. Kila nikifika Marko 10:25, pale pa ngamia na tundu ya sindano, moyo hushtuka. Mchungaji wetu alitueleza kwamba Yerusalemu ilikuwa na lango dogo lililoitwa Tundu la Sindano, na ngamia aliweza kulipita akishushwa mizigo na kupiga magoti. Nikashusha pumzi. Sasa mwanangu aliyeko chuoni ananiambia lango hilo halikuwapo. Nani mkweli?
*Mzee mwenye mali kidogo*

Marahaba, mzee wangu. Mwanao ndiye mkweli. Hakuna mwandishi wa wakati wa Yesu anayelitaja lango hilo. Hadithi yake inajitokeza karne nyingi baadaye, katika Zama za Kati. Thomas wa Akwino, mwanateolojia aliyefariki mwaka 1274, aliinakili katika mkusanyo wake wa maelezo ya Injili. Ilienea kwa sababu inapendeza. Inampa tajiri kazi ndogo: apige magoti, ashushe mizigo langoni, apite. Kisha, na hili sijasikia mhubiri akilisema, aipakie tena upande wa pili.

Soma aya inayofuata. Wanafunzi "wakashangaa mno", wakauliza, "Ni nani, basi, awezaye kuokoka?" Watu wanaozungumziwa lango jembamba hawaulizi hivyo. Wala Yesu hakuwatuliza. Alisema, "Kwa wanadamu haiwezekani." Ngamia ndiye aliyekuwa mnyama mkubwa kuliko wote waliozoeleka kwao. Wayahudi wa Babeli, waliomjua tembo, walisema tembo kupita tundu la sindano, na msemo huo umo katika Talmudi yao, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wao. Maana ni ile ile: jambo lisilowezekana kabisa.

Lakini usikimbie kama yule tajiri. Rudi kwenye aya ya 21. Kabla hajamwambia auze alivyo navyo, Yesu "akamkazia macho, akampenda." Mathayo na Luka wanaisimulia habari hii, ila maneno hayo ni ya Marko peke yake. Aliyemwambia neno lile hakuwa adui wa matajiri.

Kanisa la kale lilihangaika na jambo hili kama wewe. Karibu na mwaka 200 Klementi, mwalimu wa kanisa la Aleksandria katika Misri, aliwafundisha matajiri wa mji wake kwamba kinachotakiwa kutupwa ni ule ung'ang'anizi wa mali moyoni. Mali yenyewe ibaki, itumike kwa wahitaji. Miaka kama 70 baadaye, Misri hiyo hiyo, kijana aitwaye Antoni aliingia kanisani akakuta inasomwa "enenda ukauze ulivyo navyo". Akatoka akawagawia wanakijiji mashamba aliyorithi, akauza vyombo vya ndani akawapa maskini, akamwachia dada yake kidogo. Baadaye akakitoa hata hicho kidogo, naye dada akakabidhiwa kwa wanawake waaminifu wa kanisa. (Aliyetuandikia habari zake, Athanasio, hatuambii dada huyo alisema nini. Mimi ningependa sana kumsikia.) Ukiniuliza niko upande gani, nitakuambia namheshimu Klementi, ila simwamini anaposomwa na mtu aliyekwisha kuamua kutotoa kitu.

Na yuko Zakayo, ambaye hakuombwa chochote. Alisimama mwenyewe akatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na aliowanyang'anya kwa hila akaahidi kuwarudishia mara 4. Yesu akasema wokovu umefika katika nyumba ile. Kwa hiyo usinitake nikuambie asilimia. Fungua daftari la biashara kabla ya kufungua Biblia. Tazama unaowalipa, unawalipa nini na lini. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa kwa hila "unapiga kelele". Anzia kwenye kelele hizo, halafu tuendelee na habari za ngamia.

Mama, Bwana Yesu asifiwe. Baba yetu alifariki akaacha nyumba na shamba. Kaka yetu mkubwa aliandikisha kila kitu kwa jina lake, akatuambia sisi wadogo zake wa kike kwamba tumeolewa, tuna kwetu. Nilipofungua kesi, wazee wa kanisa waliniita. Wakanisomea "saba mara sabini". Wakanisomea na Paulo kuhusu ndugu kushitakiana mbele ya wasioamini. Wakasema nisipofuta kesi nisishiriki Meza ya Bwana. Kaka anashiriki, na anakaa kiti cha mbele. Ninachoogopa si wazee. Naogopa kwamba kweli sijasamehe. Nifanye nini?
*Binti wa mwisho*

Amina, mwanangu, asifiwe. Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikajibu nyingine, nikairudia. Nitakujibu kwa urefu, wengine wanivumilie.

Tuanze na aya waliyokusomea, ila tuisome na majirani zake. Mathayo 18 inaanza na mtoto mdogo aliyesimamishwa katikati ya watu wazima waliokuwa wakiuliza nani mkubwa. Linafuata jiwe la kusagia, lile linalofungwa shingoni mwa mtu anayemkosesha mmoja wa wadogo. Anafuata kondoo mmoja aliyepotea. Halafu aya ya 15: ndugu yako akikukosa, nenda ukamwonye mkiwa wawili, asipokusikia chukua mtu mmoja au wawili wawe mashahidi, asipowasikiliza hao, liambie kanisa. Baada ya hayo yote ndipo Petro anauliza, "Bwana, ndugu yangu anikose mara ngapi nami nimsamehe?"

Petro anauliza juu ya nafsi yake. Anayeuliza ndiye aliyekosewa. Katika sura nzima hakuna mahali ambapo aliyekosa anampigia aliyekosewa hesabu ya msamaha, wala ambapo wazee wanampigia kwa niaba yake. Wazee wako walitakiwa kushika aya ya 15 hadi ya 17. Wameziruka, wakatua ya 22, wakakushukia wewe.

Sasa mfano wenyewe. Mtumwa mmoja alikuwa na deni la talanta 10,000 kwa bwana wake. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000, na dinari moja, kama tunavyoona kwa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20, ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Piga hesabu: siku za kazi milioni 60. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi, anasema Herode Antipa, mtawala wa Galilaya katika miaka ya Yesu, aliingiza talanta 200 kwa mwaka. Deni la mtumwa huyu lingemeza mapato yote ya Herode kwa miaka 50. Yesu alitaja kiasi ambacho waliomsikia walijua kuwa hakilipiki, na bwana akakisamehe chote. Mtumwa akatoka nje, akamkaba koo mwenzake kwa dinari 100, kazi ya miezi michache.

Wahubiri huishia hapo: tumesamehewa kingi, tusamehe kidogo. Ni kweli, nami nimelihubiri hilo, na nitalihubiri tena nikipewa nafasi. Lakini kuna mambo mawili katika mfano huo ambayo sisikii yakisemwa.

La kwanza, wote wawili walikiri deni. Mkubwa alianguka akasema, "Nivumilie, nami nitakulipa yote pia." Mdogo akasema maneno karibu yale yale. Hakuna aliyesema, "Deni gani? Wewe umeolewa." Kaka yako hajafika hata pale alipofika mtumwa mwovu.

La pili ni wajoli. Walikuwapo watumwa wengine waliotazama mtu akikabwa koo. Hawakumwendea aliyekabwa wakamwambia, vumilia, usilete aibu, haya ni mambo ya nyumbani. Mathayo anasema "walisikitika sana", wakaenda wakamweleza bwana wao yote yaliyotendeka. Walishitaki! Na bwana hakuwakemea kwa kushitaki. Kila nikisoma barua kama yako hujiuliza wajoli wetu wamekwenda wapi.

Paulo naye tumsome bila haraka. Ni kweli, katika 1 Wakorintho 6 anawauliza Wakristo kama si afadhali kudhulumiwa kuliko kupelekana kwa wasioamini. Aya ya 5, kabla ya hapo, inauliza kama hakuna kati yao hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua kati ya ndugu. Yaani wazee walipaswa kuketi na kuamua: mali ni ya nani, nani apewe nini. Kukuambia unyamaze si kuamua. Na aya ya 8, ambayo naona hawakukusomea, inawageukia wanaodhulumu: "mwadhulumu watu na kunyang'anya mali zao, naam, hata za ndugu zenu."

Sasa nikupe aya ambayo wazee hawakuitumia, usije ukakutana nayo peke yako usiku ukadhani nimekuficha. Luka 12:13. Mtu mmoja katika mkutano anamwambia Yesu, "Mwalimu, mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu." Kesi yako kabisa. Na Yesu anakataa: "Mtu wewe, ni nani aliyeniweka mimi kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yenu?" Hilo ni neno gumu, na sitalilainisha. Mtu alikuja na haki yake, hakugawiwa. Ila mtazame Yesu anageuka na kusema nini: jilindeni na choyo. Na mfano unaofuata hapo hapo ni wa tajiri anayebomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, anayezungumza na nafsi yake tu, hana ndugu hata mmoja katika mfano mzima. Nani katika familia yenu anafanana na mtu huyo? Wewe jiulize kwanza, kwa uaminifu, maana choyo kinaweza kukaa hata kwa aliyedhulumiwa. Ukiona ni haki yako na ya dada zako unayoitafuta, endelea.

Kwa maana Luka huyo huyo, katika sura ya 18, ana mjane anayekwenda kwa kadhi asiyemcha Mungu, tena na tena, akisema, "Nipatie haki na adui wangu." Yesu hakumwambia mjane yule kwamba hajasamehe. Alimfanya mfano wa watu wasiokata tamaa katika sala.

Miaka mingi kanisani nimeona jambo linalonikera mpaka leo. Aya ikimuuma mwenye mali, tunaitafutia lango la Yerusalemu. Ikimuuma asiye na kitu, tunaigongelea misumari. Yule mzee mfanyabiashara hapo juu alipewa ngamia aliyepiga magoti. Wewe umepewa saba mara sabini bila hata moja iliyopunguzwa.

Umeuliza kama umesamehe. Unaweza kuamka asubuhi ukamwombea kaka yako mema, mchana ukaenda mahakamani na nyaraka zako mkononi, na usiku ukalala bila kujipinga. Luka 17:3 inasema, "akikosa, mwonye, akitubu msamehe." Kesi ni namna ya kuonya pale maonyo mengine yaliposhindikana. Kipimo ninachokipenda mimi ni hiki: kaka akija kesho na hati mkononi, akasema nimekosa, utamfungulia mlango? Ukiweza kusema ndiyo, hata kwa sauti ya kutetemeka, achana na hofu hiyo.

Na Meza ya Bwana. Mathayo 5:23 inamwambia anayeleta sadaka madhabahuni, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapo, aende akapatane kwanza. Haimfukuzi mwenye neno. Inamsimamisha yule anayedaiwa. Kiti cha mbele ndicho kilichotakiwa kuwa wazi.

Cha kufanya: waombe wazee wakuandikie uamuzi wao na sababu zake kwa maandishi. Wakikataa, wewe waandikie yale waliyokuambia, weka nakala, upeleke kwa viongozi walio juu yao. Usiende peke yako, nenda na dada zako. Mapatano yakija, yapokee kwa furaha, lakini usifute kesi kwa ahadi ya mdomo. Subiri sahihi, na hakimu azione. Ukishatimiza hayo, niandikie tena, na mimi nitakuwa naomba.

Shikamoo Mama. Nina miaka 22, niliokoka mwaka jana. Kiongozi wetu wa vijana anasema Luka 14:26 ni amri: nisipomchukia baba na mama siwezi kuwa mwanafunzi. Wazazi wangu hawajaokoka. Ameniambia nisiende nyumbani, nisipokee simu za mama, na fedha nilizokuwa namtumia niziingize kwenye huduma. Sitaki kuwa vuguvugu.
*Kijana anayetaka kufuata*

Marahaba. Nimependa moto wako. Huyo anayeuchochea simpendi.

Neno la Luka ni kali, na lilikusudiwa kuwa kali. Yesu aligeuka akaona makutano makubwa yanamfuata, akawaambia wahesabu gharama, kama mtu anayetaka kujenga mnara, kama mfalme anayekwenda vitani. Mathayo 10:37 analiandika hivi: ampendaye baba au mama kuliko mimi, hanistahili. Wapo waliolipa gharama hiyo. Mwaka 203, katika Karthago ya Afrika Kaskazini, mwanamke wa umri wako, Perpetua, alifungwa kwa kuwa Mkristo. Alikuwa ananyonyesha. Baba yake alimjia gerezani zaidi ya mara moja, akimbusu mikono, akimsihi aikane imani. Alikataa, akauawa. Maelezo ya kifungo chake aliyaandika mwenyewe, na humo anasema alivyouhurumia uzee wa baba yake. Alimwambia hapana bila kuacha kumpenda.

Sasa linganisha. Baba wa Perpetua alimtaka amkane Kristo. Mama yako anapiga simu.

Kuhusu fedha, Yesu alikwisha kujibu. Marko 7:9–13. Walikuwapo watu waliosema, kile ambacho ningekusaidia nacho, mzazi wangu, ni Korbani, yaani kimewekwa wakfu kwa Mungu. Wakawaacha wazazi mikono mitupu kwa jina la dini. Yesu akawaambia wanalitangua neno la Mungu. Na akiwa msalabani, kwa Yohana 19, alihakikisha mama yake ana pa kukaa.

Mpigie leo. Mtumie ulichozoea kumtumia. Akikuuliza habari za wokovu wako mwambie, asipouliza msalimie tu. Kiongozi wako muulize swali moja mbele ya wenzako: fedha za mama yangu zinaingia kwenye mfuko gani, na nani anaukagua?

Mama, mtoto wangu alipofariki nilisema maneno mabaya sana kuhusu Roho Mtakatifu. Niliyasema kwa sauti, watu wakasikia. Baadaye nikasoma Marko 3:29, kwamba anayemkufuru Roho hana msamaha hata milele. Naenda kanisani lakini nakaa nyuma. Nahisi nimeshafungiwa.
*Mama wa marehemu*

Pole, mwanangu. Pole sana.

Soma aya ya 30, imeandikwa kwa ajili yako: "kwa vile walivyosema, Ana pepo mchafu." Marko anatueleza waliosema ni nani. Ni waandishi walioshuka kutoka Yerusalemu, watu wenye elimu na cheo. Waliona wagonjwa wakipona na waliofungwa wakifunguliwa, na bila machozi yoyote, kwa kukata shauri, wakaamua kuiita kazi hiyo ya shetani ili watu wamwache Yesu. Wewe ulilia juu ya mtoto wako. Hayo ni mambo mawili yasiyojuana.

Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, alilifikiria sana neno hili, akafikia kwamba dhambi hiyo ni ya mtu anayeukataa msamaha kwa ugumu wa moyo mpaka mwisho wa maisha yake. Anayeutafuta msamaha huku akiogopa kuwa ameukosa hayumo. Petro alimkana Bwana mara 3, kwa kuapa na kulaani, na Yohana 21 inamwonyesha ufukweni akiulizwa mara 3 kama anapenda. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila hata mstari mmoja wa faraja mwishoni, na hakuna aliyeitoa katika Biblia. Isome kwa sauti ukiwa peke yako. Itasema yale unayoogopa kuyarudia.

Kaa popote unapotaka kanisani. Ila Meza ya Bwana inapoandaliwa, usijinyime. Na kama usingizi umekukimbia, au huwezi kula, mtafute daktari pia pamoja na mchungaji. Huzuni ya namna hiyo inakaa hata mwilini.

Mama Mchungaji, nafundisha watoto siku za Jumapili. Binti wa miaka 9 ameniuliza: kwa nini Yesu alimwita yule mama mbwa? Nikamwambia alikuwa anamjaribu imani. Akasema, "Mtu hamjaribu mama ambaye mtoto wake anaumwa." Darasa zima likanyamaza. Nimwambie nini?
*Mwalimu aliyekosa jibu*

Mwambie kwanza kwamba ameuliza vizuri, na umwambie mbele ya darasa lile lile.

Usimwambie Yesu alikuwa anatabasamu, au alikuwa anatania. Waelezaji wengi hukimbilia huko. Marko hakuandika hivyo. Marko 7 inasema mama yule alikuwa Myunani, kabila lake Msirofoinike, katika pande za Tiro. Alianguka miguuni pa Yesu kwa ajili ya binti yake, akajibiwa, "Waache watoto washibe kwanza, maana si vizuri kukitwaa chakula cha watoto na kuwatupia mbwa." Linauma. Kuna jambo nyuma yake ambalo mtoto wa miaka 9 anaweza kulielewa: Tiro ulikuwa mji wa pwani wenye biashara kubwa, na Matendo 12:20 inasema nchi hiyo ilipata riziki yake kutoka nchi ya mfalme Herode Agripa. Chakula kilichoota kwa maskini wa ndani kilikwenda kuliwa na wenye fedha wa pwani. Aliyesema habari ya chakula cha watoto alikuwa Mgalilaya, na alikuwa anajua nani hubaki na njaa. Hilo halifuti neno lenyewe. Linatuambia tu kwamba halikudondoka kutoka mawinguni.

Mama yule hakununa wala hakuondoka. Alilichukua neno lile lile akalirudisha: "Naam, Bwana, lakini hata mbwa walio chini ya meza hula makombo ya watoto." Mafarisayo wanashindana na Yesu katika Injili ya Marko na kushindwa, waandishi wanashindwa, Petro anakemewa. Huyu peke yake, mgeni, mwanamke, anajibizana naye na kuondoka na alichokijia. Mathayo anaandika kwamba Yesu aliisifu imani ya mama huyu. Kwa Marko alisema, "Kwa sababu ya neno hilo, enenda zako, pepo amemtoka binti yako." Kwa sababu ya neno hilo! Neno lake mama. Mimi nadhani Marko alitaka tuone kwamba Yesu alilisikia na likambadilishia jibu. Najua wapo wachungaji watakaoniandikia kwa hasira juu ya sentensi hiyo. Anwani ya gazeti wanayo.

Halafu, Jumapili ijayo, wape watoto kazi. Wafungue Marko 6, wahesabu vikapu vya mabaki baada ya Yesu kulisha watu 5,000 upande wa Wayahudi: 12. Wafungue Marko 8, baada ya habari ya mama huyu. Yesu ametoka Tiro akapita katikati ya nchi ya Dekapoli, nchi ya mataifa, na analisha watu 4,000, baadhi yao "wametoka mbali". Wanakula mikate, wanashiba, na yanabaki makanda 7. Muulize huyo binti wa miaka 9 anadhani nani alifungua njia ya chakula kile. Akiuliza kwa nini Mathayo amesimulia tofauti na Marko, na kwa jinsi ninavyomwona atauliza, usimjibu harakaharaka. Niandikie tena.